Barua ya wazi: Mlitupulizisha mashine ya mapafu, sasa tupeni majibu yetu

KWA: Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, Dodoma

NA KWA: Mtafiti Mkuu wa mradi wa kupima mapafu ya wapondaji kokoto

YAH: MAJIBU YA VIPIMO VYA MAPAFU AMBAYO HAYAJARUDI, NA MASHINE ILIYOFUNGIWA STOO

Wakubwa zangu, shikamooni.

Naandika hii barua hadharani kwa sababu njia za ndani zimeisha. Tulianza kwa mtendaji wa mtaa akatuelekeza zahanati, zahanati wakasema mambo ya utafiti hawayajui nendeni hospitali, hospitali mapokezi wakatutuma ofisi ya utafiti, ofisi ya utafiti wakasema mhusika yuko Dar, na ile namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa mwanzoni ilikuwa inaita mpaka inakata, saivi haipatikani kabisa. Barua ya mkono tuliipeleka masijala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo, majibu hamna. Jina la hospitali sitalitaja wala la mradi, wenyewe mnajijua, na pia pale wodini kuna manesi wanafanya kazi kwa moyo sana sitaki wabebe aibu isiyo yao.

Mi ni katibu wa kikundi cha wapondaji kokoto pembezoni mwa jiji, wengi wetu akina mama na wazee wachache wa kiume. Tangu serikali ihamie Dodoma kokoto imekuwa dili, maghorofa mnayoyaona yanaota kila upande sehemu ya zege lake imepita mikononi mwetu, nyundo mkono wa kulia, jiwe limeshikwa na kipande cha mpira wa tairi mkono wa kushoto, kuanzia alfajiri kabla jua halijawa kali. Vumbi la jiwe mnalijua, na upepo wa Dodoma mwezi wa nane mnaujua, huhitaji kuwa daktari kujua vinapokutana inakuwaje. Alafu jioni tukirudi nyumbani tunainamia mafiga na kuni, kwa hiyo kifua kinakula vumbi mchana na moshi usiku.

Ndo maana mlipokuja na mradi wenu tuliwapokea vizuri. Vijana wenu walikuwa wastaarabu kiukweli, walisalimia wazee, walikaa chini ya mti wakaeleza, wakasoma fomu kwa Kiswahili na pale bibi zetu waliposhindwa kijana mmoja akatafsiri Kigogo. Tukatia sahihi, wengine dole gumba. Tukapimwa urefu, uzito, tukaulizwa umri, tukaulizwa kama tunavuta sigara, tunapika na nini, tumeponda mawe miaka mingapi, tumewahi kuumwa TB. Alafu tukapuliza.

Wasiojua niwaeleze kidogo, maana barua hii itasomwa na wengi. Kipimo kinaitwa spairometri na ni cha zamani sana, daktari wa Uingereza anaitwa John Hutchinson alikitangaza mwaka 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2000. Unabanwa pua na kibanio, unavuta pumzi mpaka kifua kijae, unabana midomo kwenye mrija, unapuliza kwa nguvu zako zote na unaendelea kusukuma mpaka mapafu yaishe, sio sekunde moja ni kama sekunde 6 na zaidi, huku anayekupima anakupigia kelele sukuma sukuma bado bado malizia. Unarudia. Zinatakiwa angalau mara tatu zilizokubalika na zile mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150, vinginevyo majibu hayaaminiki. Wazee wetu walikohoa mpaka machozi yakawatoka, mama mmoja akakaa chini kizunguzungu, akapumzika akarudi kupuliza tena. Alafu mkatuvutisha dawa ya pampu, tukasubiri dakika 15, tukapuliza upya.

Mashine inatoa namba mbili kubwa, hewa yote uliyotoa na hewa iliyotoka sekunde ya kwanza. Ukigawa ile ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote, na hapo umeshavuta dawa, ikaja chini ya 0.70, njia zako za hewa zimebana na dawa haijazifungua inavyotakiwa, na huo ndo mlango wa ugonjwa sugu wa mapafu ambao madaktari wanauita COPD. Kama mgawanyo uko sawa lakini hewa yote ni ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na urefu wako, wanaanza kushuku mapafu yenyewe yamekakamaa hayatanuki, na vumbi la mawe ni moja ya vitu vinavyofanya hivyo. Haya yote nimeelezwa na kijana wa mtaani kwetu anayesoma udaktari, hospitali hakuna aliyekaa na sisi kutueleza.

Mkatupa nauli na soda, mkasema majibu yatarudi kupitia hospitali na mwenye shida ataitwa kliniki. Mkafunga mabegi mkaondoka kama wachuuzi wa mnada wa Msalato jua likizama. Mpaka leo.

Sasa malalamiko yetu ni haya.

1. Majibu ya mtu mmoja mmoja hayajarudi.

Hili ndo kubwa kuliko yote na ndo naanza nalo. Kuna mama kwenye kikundi chetu, simtaji, alipuliza siku ile na kijana aliyempima alitazama skrini akamwita mwenzake wakaongea Kiingereza, wakamwambia mama utaitwa. Hakuitwa. Akaendelea kuponda mawe maana watoto wanakula, akaanza kushindwa kupanda kile kimlima cha kwenda bombani, akawa analala amekaa. Usiku mmoja midomo ikawa ya bluu tukampakia kwenye bajaji, akafikia kwenye oksijeni. Daktari wa zamu, kijana mzuri tu, anauliza maswali yale yale, ana pumu? amewahi kupimwa mapafu? Tukasema ndiyo amepimwa, na ninyi wenyewe. Akaenda kutafuta kwenye faili hamna kitu, kwenye kompyuta hamna kitu. Namba za kifua cha yule mama zilikuwa kwenye laptop ya mtu, labda kwenye jedwali zuri kabisa lenye rangi, na daktari anayetakiwa kumtibu anabahatisha.

Mama yu hai, namshukuru Mungu. Ila pumzi yake haijarudi na hatapona, maana mapafu yakishaharibika kwa namna ile hayajengeki upya, kinachowezekana ni kupunguza kasi. Na kasi hupunguzwa mapema. Angeambiwa wakati ule atoke kwenye vumbi tungemtafutia kazi nyingine kikundini, ya kupima ndoo na kuandika hesabu, hata hilo tu.

Kuna Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1964, limerekebishwa mara nyingi na mara ya mwisho ni 2024, linasema aliyeshiriki utafiti apewe nafasi ya kujua matokeo ya jumla. Hayo ya jumla hatujapata. Na ya mtu binafsi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sheria ya nchi hii, inayompa mtu haki ya kupata taarifa zake zilizoshikwa na mwingine, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Hatuombi hisani hapa.

2. Wagonjwa zaidi ndo mliwaacha nje.

Hii watu wengi hawaijui na ndo inaniumiza. Siku ile kuna waliokataliwa kupuliza, mzee mmoja alikuwa anakohoa damu, mwingine alitoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, mwingine alikuwa na dalili zote za TB. Kuwazuia mlikuwa sahihi kabisa, kupuliza kwa nguvu kunaongeza presha kichwani na kifuani, na mwenye TB anayepuliza ndani ya chumba anaweza kuambukiza wengine. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba mtu anakohoa damu mbele ya timu ya afya anaambiwa mzee wewe hufai kwenye utafiti, pole, chukua soda. Hata karatasi ya rufaa? Hata kumshika mkono kumpeleka kwenye kipimo cha makohozi?

Na wapo waliojaribu kupuliza wakashindwa kufikisha zile mara tatu nzuri kwa sababu kila wakisukuma wanakohoa. Nao naambiwa hufutwa kwenye hesabu, upulizaji haukukidhi viwango. Kwa hiyo mtakapochapisha kwamba asilimia fulani ya wapondaji kokoto wana tatizo la mapafu, ile asilimia itakuwa imewaacha wenye hali mbaya kuliko wote, na kesho mtu wa mipango atasoma aone mbona sio mbaya sana. Naomba muandike wazi mliwaacha wangapi na kwa sababu gani. Hilo ni la kisayansi, sio la huruma.

3. Kila kikohozi ni TB.

Tunajua TB ipo, na tunajua mtu aliyevuta vumbi la mawe anapata TB kirahisi kuliko mwingine, kwa hiyo tupimeni TB, tupimeni kila tunapokohoa, hatukatai. Shida inakuja makohozi yakipimwa kwenye GeneXpert, ile mashine ya kutafuta mdudu wa TB, na kusoma hamna, mtu anapigwa eksirei, kinaonekana kitu kwenye mapafu, anaanzishiwa dozi ya miezi sita. Anakunywa, mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa, anamaliza, anaendelea kukohoa, anaambiwa imejirudia, anaanzishiwa nyingine. Madoa ya ugonjwa wa vumbi la mawe kwenye eksirei yanaweza kufanana sana na ya TB, na pande za juu za mapafu ndo hupenda kukaa yote mawili. Vilevile mtu aliyepona TB kweli kweli anaweza kubaki na mapafu yenye makovu, anahema, anakohoa, lakini mdudu hayupo tena. Huyu ukimpa dozi nyingine unamchosha ini bure.

Sisemi kupuliza kungemaliza ubishi, kupuliza hakutaji jina la ugonjwa, kunaonyesha tu hewa inatoka kiasi gani na kwa kasi gani. Ila kungemfanya daktari asimame ajiulize mara mbili kabla ya dozi ya pili. Eksirei ni picha, haikwambii mtu anatoa lita ngapi.

Na wala sio tatizo dogo la watu wachache wa kokoto. Kuna utafiti ulichapishwa 2018, wa kijijini hapa hapa Tanzania, watu wa miaka 35 na kuendelea, ukakuta COPD kwa asilimia 17.5. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huo uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwa wanaokufa nao kabla ya miaka 70, karibu asilimia 90 wako nchi za kipato kama chetu. Huku kwetu wengi wao hufa na jina jingine kwenye cheti au bila jina lolote, "alikuwa na kifua".

4. Mlitulinganisha na nani?

Namba ya lita peke yake haina maana mpaka uilinganishe na mtu mzima wa afya anayefanana na wewe. Umri, urefu, jinsia, hayo naelewa. Ila kwa muda mrefu mashine zilikuwa zinauliza na rangi, na ukibonyeza mweusi inapunguza kiwango kinachotarajiwa kwa asilimia 10 mpaka 15, kwa dhana kwamba mapafu ya mweusi ni madogo kwa kuzaliwa. Dhana hiyo ina historia chafu, mmoja wa walioieneza ni Samuel Cartwright, daktari wa mashamba ya watumwa kule kusini mwa Marekani, karne ya 19. Na sio mambo ya kale tu, mwaka 1999 huko Baltimore, Marekani, kampuni moja iliyokuwa imeshtakiwa na wafanyakazi waliovuta asbesto, vumbi la madini linaloharibu mapafu, ilitaka wafanyakazi weusi wadaiwe ushahidi wa mapafu mabovu zaidi kuliko wazungu ndo kesi zao zisikilizwe.

Hesabu ya mfano tu mtu aone. Mama anatarajiwa kutoa lita 3, anatoa 2.1, hiyo ni asilimia 70, inatakiwa afuatiliwe. Kata kile kiwango kwa asilimia 15, sasa anatarajiwa lita 2.55, zile zile 2.1 zinakuwa asilimia 82, anaambiwa mama uko vizuri nenda. Mapafu ni yale yale. Na anayefichwa hapo hasa ni yule wa vumbi la mawe, maana kwake kinachopungua ni hewa yote, wakati ile 0.70 haibadiliki sana ukibadilisha rangi.

Viwango vya dunia vya mwaka 2012 vilikuwa na fungu la weusi lakini ni Wamarekani weusi, sio mtu wa Chamwino wala Kongwa. Mwaka 2022 vikatoka vipya visivyouliza rangi, na 2023 chama cha wataalamu wa magonjwa ya kifua cha Marekani kikapendekeza hivyo ndo vitumike. Swali langu ni fupi, mashine yenu ilikuwa imesetiwa kiwango kipi? Kama ni cha zamani, rudieni hesabu, hamna haja ya kutupulizisha upya, namba mnazo.

5. Mashine imefungiwa stoo.

Mtafiti Mkuu ulisema mbele ya watu kwamba mradi ukiisha mashine itabaki hospitali kwa faida ya jamii. Imebaki kweli, iko stoo. Tumeambiwa mara hamna mirija ya mdomoni, mara aliyefundishwa kahamishwa kituo, mara lile bomba la lita 3 la kuhakiki mashine kila siku kabla ya kazi halionekani. Mganga Mfawidhi, hapa nakulenga wewe kwa heshima zote. Mirija ni kitu cha kuweka kwenye bajeti ya vifaa tiba. Kuhusu mtu aliyehamishwa, mafunzo yanaweza kupewa wawili watatu ili mmoja akihama kazi isife. Mashine ya ultrasaundi ikikosa jeli siku mbili mnahangaika, kwa nini hii ya mapafu ikikosa mrija ndo mwisho wa safari? Tena kuna kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupima kasi ya pumzi, hakihitaji hata umeme, hakiwezi kuchukua nafasi ya mashine kubwa lakini ni bora kuliko kumwangalia mtu kwa macho. Nacho hakuna wodini.

6. Dawa. Bado tunapewa vidonge vya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mtu anatetemeka mikono na moyo unamdunda wakati dawa ile ile kwa pampu inafika kwenye mapafu yenyewe kwa kiasi kidogo sana. Wenye pumu wanapewa pampu ya kutuliza peke yake wakati mwongozo wa kimataifa wa pumu tangu 2019 unasema isitumike peke yake bila dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa. Na wanaopata pampu wengi hawajafundishwa kuivuta, wanapulizia ulimini. Chupa ya maji ya nusu lita ukiitoboa vizuri kitako ikashika mdomo wa pampu inasaidia dawa iingie ndani, ni kitu kimefanyiwa utafiti na kikakubalika, nesi mmoja anaweza kufundisha kijiwe kizima asubuhi moja.

Najua mtajibu nini, maana mengine tumeshaambiwa kwenye korido.

Mtasema data bado zinachambuliwa. Sawa, ripoti ichukue muda wake, andikeni mnavyotaka, lakini namba ya mama fulani ilitoka pale pale kwenye skrini siku ile ile, haihitaji profesa wa takwimu kuiandika kwenye kikaratasi. Mtasema usiri. Usiri wa nani, mimi nikiomba namba zangu mwenyewe namficha nani? Mtasema utafiti sio matibabu. Hii tumeisikia sana na ina ukweli wake, hatukutegemea mtutibu wote, lakini mliahidi rufaa kwa mdomo na kwenye fomu, ukurasa wa pili, nimeupiga picha. Mtasema bajeti ya mradi imeisha, na hapa mi nauliza tu, kwenye ile bajeti mliyoombea hela kulikuwa na mstari wa kurudisha majibu au haukuwepo kabisa? Kama haukuwepo, kamati ya maadili iliyowapa kibali ilipitisha nini? Na kuna aliyetuambia eti tungepewa namba tungepanic, tusingezielewa. Watu hawa hawa wanaojua kokoto ya inchi nusu na inchi tatu kwa kuigusa tu na kupiga hesabu ya tripu ya lori kichwani, washindwe kuelewa kwamba 0.55 iko chini ya 0.70. Hapo mlitukosea adabu.

Ntasema na hili japo haliwahusu moja kwa moja. OSHA, wale wasimamizi wa usalama na afya kazini, wapo na sheria yao ya mwaka 2003 ipo, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo, lakini sisi hatuna mwajiri, tunauza kwa tripu kwa mwenye lori, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutupima kabla ya kuanza kazi wala baada. Ndo maana utafiti wenu kwetu ulikuwa mkubwa kuliko mlivyodhani, kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza na labda ya mwisho kifua kupimwa.

Tunachoomba hatuombi hela, tuelewane.

Kwanza, kila aliyepuliza apewe karatasi yake, yenye namba zake kabla na baada ya dawa, kiwango mlichotumia kulinganisha, na maelezo mafupi kwa Kiswahili, na nakala iingie kwenye faili lake hospitali. Waliofariki toka wakati ule, wapo, wapewe familia zao kama wanataka.

Pili, wale wote ambao namba zao zilikuwa mbaya, pamoja na mliowakatalia kupuliza, waitwe kliniki wiki hizi, wasisubiri ripoti. Orodha mnayo, simu zetu mlichukua.

Tatu, mashine itoke stoo. Mganga Mfawidhi, tupangie hata siku moja kwa wiki, siku ya mapafu, iwe na mtu anayejua kupimisha, mirija na lile bomba la kuhakikia. Na daktari asiandike dozi ya pili ya TB kwa mtu ambaye makohozi yake hayana mdudu bila huyo mtu kuwa amepimwa pumzi kwanza au amepewa rufaa ya kwenda kuonwa na daktari wa kifua. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro wana uzoefu wa mapafu ya wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani miaka mingi, hakuna aibu kuwapigia simu.

Nne, Mtafiti Mkuu uje mwenyewe, usitume kijana, utueleze mmekuta nini kwa ujumla na mmewaacha wangapi nje ya hesabu. Kabla ya kupeleka kwenye mkutano wowote nje ya nchi, ikiwezekana. Na kama mmekuta kwamba kumwagia jiwe maji kabla ya kuponda kunapunguza vumbi, au kwamba barakoa za kitambaa tulizobakiza toka enzi za korona hazizuii lile vumbi laini, tuambieni, tuna uwezo wa kubadilisha vitu vyetu wenyewe bila kusubiri sera.

Kikundi kinakutana kila Jumamosi saa kumi jioni chini ya ule ule mti mliotupimia, mkija siku hiyo mtatukuta wote. Tunawapa mwezi mmoja kuanzia leo. Ukipita bila jibu la maandishi tunapeleka malalamiko rasmi kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali na kwa tume inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, barua zote mbili tumeshaziandika zinasubiri sahihi tu.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wapondaji kokoto
Dodoma

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Mtendaji wa mtaa wetu
Wanakikundi wote, isomwe kwa sauti kwa wasiosoma